Pumzi na mapafu: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Goma

Ninafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mjini Goma. Kwetu masomo hutolewa kwa Kifaransa. Mwanafunzi anaweza kuandika majina ya sehemu zote za mapafu bila kosa hata moja, halafu akirudi nyumbani na koko (bibi au babu) yake akamuuliza kwa nini mtoto mchanga anahema vile, anakosa la kusema. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa darasani, kwenye foleni ya bidoni, juu ya piki, na mengine nimegongewa mlango usiku. Mimi ni mwalimu, si muganga (daktari). Pale panapohitaji muganga nimeandika hivyo.

Hewa ikishaingia puani inapita wapi?

Tuanze na pua, maana watu huiona kama tundu tu. Ndani yake kuna vinyweleo na kamasi vinavyonasa vumbi, na kuna mishipa midogo ya damu iliyo karibu kabisa na juu. Ndiyo maana mtoto akigongwa kidogo tu anatokwa damu. Mishipa hiyo inaipasha hewa joto. Saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa unateremka kwenda kuchota maji ziwani na baridi inakuuma masikio, hewa inayofika mapafuni mwako imekwisha kupata joto la mwili na unyevu wa kutosha. Mdomo hauifanyi kazi hiyo vizuri kama pua.

Toka puani hewa inashuka koromeoni, penye njia panda ya hewa na chakula. Inapita kwenye zoloto, ile nundu ya shingoni inayoonekana zaidi kwa wanaume, kisha inaingia kwenye koo la hewa. Kwa mtu mzima koo hilo lina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na limeimarishwa kwa pingili za gegedu. Weka kidole chini ya zoloto, bonyeza taratibu, utazihisi. Pingili hizo hazifungi duara. Zina umbo la herufi C, mgongo wake mbele na uwazi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko umio unakopita, na tonge la bugali lazima lipate pa kutanukia likishuka.

Kifuani koo la hewa linagawanyika mara mbili, tawi moja kila pafu. Kila tawi linazaa matawi, nayo yanazaa vijitawi, kwa ngazi kama 23 hivi, hadi mwisho kabisa kwenye vifuko hewa. Mchoro wake ni mti uliopinduliwa, mizizi juu na majani chini. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa kuwa upande huo moyo umechukua nafasi yake.

Mwalimu, pafu lenyewe linafananaje? Kitabuni ni picha tu.

Nenda kwa wachinja mbuzi. Omba mapafu pamoja na koo lake lote, na umwambie muuzaji asiyatoboe. Hayana bei kubwa, watu wengi hununua ya mbwa.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo darasani nilitarajia wasichana wakimbie. Waliokimbia ni wavulana wawili wa nyuma. Msichana mmoja alilibonyeza pafu kwa kidole gumba akasema, "Linalia!" Kweli linalia: kuna mlio mdogo mdogo chini ya kidole, kama povu la sabuni linalopasuka. Ni hewa inayohama toka kifuko hadi kifuko. Rangi yake ni waridi iliyofifia, na uzito wake unashangaza, maana kitu kikubwa vile unakinyanyua kama sifongo. Tulichomeka bua la jani la mpapai kwenye koo la hewa, tukafunga kwa uzi, kijana mmoja akapuliza. Pafu likavimba, likabadilika rangi, likawa kubwa kuliko alivyotarajia. Kosa lake, alipochoka alisahau kutoa bua mdomoni kabla ya kuvuta pumzi, na harufu aliyoivuta hajaisahau. Tangu siku ile tunatumia pampu ya baiskeli.

Kisha tukatumbukiza kipande cha pafu na kipande cha ini kwenye beseni la maji. Ini lilizama moja kwa moja. Pafu lilielea, na hata ulisukume chini kwa mkono linarudi juu.

Tahadhari moja kwa wanaochora: mbuzi ana tawi la ziada linalotoka kwenye koo la hewa kabla halijagawanyika, linaloelekea sehemu ya juu ya pafu la kulia. Binadamu kwa kawaida hana. Wanafunzi wangu walioliona kwenye mbuzi walilichora kwenye mtihani wa mtu, na kosa lilikuwa langu kutowaambia.

Je, mapafu ndiyo yanayovuta hewa?

Hapana. Kama ulilibonyeza lile la mbuzi ulijionea kwamba halina msuli wa kujitanua lenyewe. Linatanuliwa.

Kazi hiyo ni ya kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Jina lenyewe linakueleza: kuwamba ni kutandaza ngozi juu ya ngoma. Ukiwa umetulia, kiwambo kimejikunja kwenda juu kama mgongo wa kuba. Kikikaza kinashuka na kunyooka, misuli iliyo kati ya mbavu nayo inazinyanyua mbavu kwenda juu na nje. Nafasi ya kifuani inaongezeka, msukumo wa hewa iliyomo unapungua kuliko wa nje, na hewa ya nje inaingia yenyewe. Aliyewahi kuona mhunzi akivuta mivukuto ameshaelewa. Kutoa pumzi ukiwa umepumzika hakuhitaji nguvu, kwani kiwambo kinalegea tu na pafu linasinyaa kama mpira.

Kinachounganisha pafu na ukuta wa kifua ni utando wa tabaka mbili wenye majimaji kidogo katikati. Chukua vipande viwili vya kioo vilivyolowa ukavigandisha: vitateleza, lakini kuvitenganisha ni taabu. Ndivyo pafu linavyofuata kifua. Kisu au risasi ikitoboa kifua, hewa inaingia kati ya tabaka hizo, na pafu linasinyaa hata kama lenyewe halijaguswa. Mtu wa hivyo apelekwe hospitali bila kuchelewa dakika moja.

Kwa siku tunavuta hewa kiasi gani?

Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila mara karibu nusu lita, yaani chupa ndogo ya maji. Tukichukua mara 15, ni lita saba na nusu kwa dakika, lita 10,800 kwa siku. Bidoni zetu za njano ni za lita 20, kwa hiyo ni bidoni 540. Ukizipakia kumi kumi kwenye chukudu, lile toroli letu la mbao la magurudumu mawili, utakwenda na kurudi mara 54. Hapo bado hujapanda mlima wala kubeba mzigo.

Lakini kuna hasara ambayo watu hawaihesabu. Katika kila nusu lita, karibu mililita 150 hubaki puani, kooni na kwenye matawi makubwa, hazifiki kwenye vifuko. Kwa hiyo mililita 350 tu ndizo zenye faida. Sasa linganisha. Anayevuta nusu lita mara 15 anapata lita tano na robo za faida. Anayehema kijuujuu, robo lita mara 30, amevuta hewa ileile ya lita saba na nusu, ila ya faida ni lita tatu tu. Ndiyo sababu mgonjwa anayehema haraka na kifupi anachoka na hewa hapati.

Oksijeni inaingiaje kwenye damu?

Mwishoni mwa vijitawi kuna vifuko hewa zaidi ya milioni 300. Vikikunjuliwa vyote na kutandazwa, vinafunika kama mita za mraba 70, yaani sakafu ya darasa la mita 7 kwa 10. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita kwa kubanana. Ukuta unaotenga hewa na damu hauzidi sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni inavuka kwenda mahali ilipo haba, yaani kwenye damu. Kabonidayoksaidi, gesi ambayo mwili unaitupa, inavuka kinyume chake. Hakuna mlango wala pampu, ni tofauti ya wingi tu, na chini ya sekunde moja biashara imekwisha.

Damuni oksijeni inabebwa na himoglobini, ile yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu wake. Kumbuka jina hilo, tutalihitaji kwenye swali la mbabula, lile jiko la makaa.

Wengi hufundishwa kwamba safari ya damu kupita mapafuni ni ugunduzi wa Wazungu peke yao. Ibn al-Nafis, muganga wa Dameski aliyefanya kazi Kairo na kufariki mwaka 1288, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, ndipo irudi upande wa kushoto. Mishipa myembamba yenyewe ilionekana mwaka 1661, Marcello Malpighi alipoweka pafu la chura chini ya hadubini.

Tunachotoa ni hewa chafu tupu?

Sivyo. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21 na kabonidayoksaidi asilimia 0.04 tu. Tunayotoa bado ina oksijeni asilimia 16 hivi, na kabonidayoksaidi imefika 4. Nitrojeni, asilimia 78, inaingia na kutoka kama mgeni asiyekunywa hata maji. Kwa hiyo ukimpulizia mdomoni mtu aliyezama, unampa hewa inayoweza kumwokoa.

Kwa nini siwezi kubana pumzi mpaka nife?

Swali hili naulizwa kila mwaka, na ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu yanayofuata.

Karibu kila mtu hudhani mwili unapiga kelele kwa sababu oksijeni inaisha. Sivyo. Katika shina la ubongo kuna kituo kinachoamuru pumzi, na kinachopimwa hapo saa zote ni kabonidayoksaidi, kupitia uchachu inaoleta. Ikizidi kidogo tu, amri inatoka: vuta! Vipo vipimo vya oksijeni shingoni, lakini hivyo havishtuki mpaka oksijeni imeshuka sana. John Scott Haldane na mwenzake Priestley walilionyesha jambo hili mwaka 1905. Ukibana pumzi, ule moto unaousikia kifuani unatoka kwa gesi iliyojaa, wala oksijeni haijaisha. Na hata ukiwa mkaidi kiasi gani, utazimia, na ukizimia kituo kitachukua usukani.

Kwa maneno mengine, mlinzi wetu anachunga mlango mmoja tu. Mwizi akipitia dirishani, mlinzi amelala.

Vijana wa ziwani hupumua haraka haraka kabla ya kuzamia ili wakae chini muda mrefu. Inasaidia?

Inaua. Wakipumua vile hawaongezi oksijeni ya maana, maana damu yao ilikuwa imekwisha kujaa. Wanachofanya ni kufukuza kabonidayoksaidi. Wakiwa chini ya maji oksijeni inaisha, huku kile kinachopimwa na ubongo hakijafika kiwango cha kupiga kelele. Kijana hasikii taabu yoyote. Anazimia kimya, anavuta pumzi ya maji, na wenzake juu wanadhani anavunja rekodi.

Mazuku inauaje, na kwa nini mbuzi na watoto hutangulia?

Mazuku ni neno letu, na watafiti wa kigeni wamelichukua vilevile. Ni kabonidayoksaidi inayopanda toka kwenye magma, mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kupitia nyufa. Ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo inatiririka na kutuama mabondeni kama maji. Haina rangi wala harufu. Magharibi ya mji, upande wa Bulengo na Mugunga, wenyeji wanajua mashimo yao.

Mtu mzima anaweza kupita na kichwa chake kikiwa kwenye hewa safi, na magoti yake yakiwa ndani ya gesi. Mbuzi, mbwa, mtoto, mtu aliyechuchumaa au aliyeinama kuokota kuni, hao pua zao ziko chini. Saa mbaya ni usiku na alfajiri pasipo na upepo. Jua likipanda na upepo ukivuma, gesi inatawanyika.

Hapa mlinzi hajalala, kwani gesi ndiyo ileile anayoichunga. Ikifika asilimia chache unahema kwa nguvu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Balaa ni kwamba dawa unayoijua ubongo ni moja, vuta zaidi, na ukivuta zaidi unaongeza gesi. Ikizidi asilimia 10 mtu huanguka kwa dakika chache, na ikiwa nyingi sana ni pumzi moja au mbili.

Ukiona shimo lenye wadudu au ndege waliokufa, rudi nyuma. Mwali wa taa ukizimika wenyewe, ondoka, ila usiposhuhudia kuzimika usidhani umepewa cheti cha usalama. Mtoto mbebe mgongoni au mabegani, usimshike mkono atembee. Na lililo gumu kuliko yote: mtu akianguka mle, usishuke kumfuata bila kifaa cha hewa. Wanaokufa wa pili mara nyingi ni waokoaji. Ita watu, mrushieni kamba, mvuteni toka mahali pa juu.

Kuhusu ziwa, ambalo ndilo swali linalofuata daima: ndiyo, maji ya chini sana ya Kivu yamebeba kabonidayoksaidi nyingi na metani. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi kama hiyo usiku, ikaua watu wapatao 1,700. Njia ya kuua ilikuwa hii hii ya mazuku, katika kipimo kikubwa.

Makala (makaa ya kupikia) hayatoi moshi. Kwa nini mnasema tusilale na mbabula ndani?

Zamani hata mimi nilikuwa nasema makala ni masafi kuliko kuni. Kwa moshi wa macho ni kweli. Kisha usiku mmoja wa mvua tuligongewa. Jirani alikuwa ameingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto, akafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kitenge. Mkubwa aliamka akitaka kutapika, akajikokota mpaka mlangoni, akaufungua, akaanguka nje. Huo mlango alioufungua ndio uliowaokoa wengine. Tuliwalaza kwenye baraza, kwenye upepo, mvua ikiturushia matone, mpaka usafiri wa kwenda hospitali ulipopatikana. Yule mama alikuwa anarudia jambo moja: "Lakini hapakuwa na moshi."

Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi. Isichanganywe na ile ya mazuku. Hii inashika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikikaa, haitoki haraka. Damu inazunguka, mapafu yanapanda na kushuka vizuri, ila viti vyote vya gari vimekaliwa na abiria asiye na safari. Kabonidayoksaidi ya mwili inatoka kama kawaida, kwa hiyo kituo cha ubongoni hakina habari. Huyu ndiye mwizi wa dirishani. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea miguu, usingizi. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na mbabula imo ndani, msitafute malaria kwanza. Tokeni nje.

Mbabula iwashwe nje mpaka makala yawe mekundu. Ikilazimu iingie ndani kupikia, dirisha na mlango viwe wazi. Wakati wa kulala inatoka, hata kama imebaki majivu yenye uvuguvugu.

Mgeni toka Mombasa au Kinshasa anahema akipanda ngazi tu. Hewa ya Goma ina upungufu?

Asilimia ya oksijeni ni ileile 21. Kinachopungua ni msukumo wa hewa, kwa sababu tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pumzi moja ya hapa imebeba kama tano ya sita ya oksijeni ya pumzi ya Mombasa. Kwa mtu mzima wa afya si kitu, atazoea. Kwenye kilele cha Nyiragongo, volkano yetu, mita 3,470, ni kama theluthi mbili tu, na pale hata sisi wenyeji tunasimama kila hatua thelathini tukijifanya tunatazama mandhari. Mwili ukikaa juu muda mrefu, figo hutoa amri ya kutengeneza chembe nyekundu zaidi.

Vumbi jeusi tunalovuta kila kiangazi linakwenda wapi?

Punje kubwa zinaishia puani. Ukipenga jioni ukaona kitambaa cheusi, ujue pua imefanya kazi. Zilizopita zinanata kwenye ute unaofunika matawi ya hewa, na vinyweleo vidogo sana vinausukuma ute huo kwenda juu, polepole, mchana na usiku, mpaka kooni. Huko unautema kama makohozi au unaumeza bila kujua. Punje ndogo zaidi, chini ya sehemu 2.5 za elfu ya milimita, ndizo zinazofika kwenye vifuko. Za moshi wa kuni, wa piki na wa sigara ni za jamii hiyo.

Sigara ina ubaya wa ziada: inavilemaza vile vinyweleo. Kikohozi cha asubuhi cha mvutaji ni fagio la mkono baada ya fagio la umeme kuharibika. Barakoa ya kitambaa inasaidia kwa vumbi la barabarani, kwa moshi na gesi haisaidii. Volkano ikitoa gesi yenye harufu ya kiberiti kilichowashwa, wenye pumu wakae ndani.

Tonge likienda njia mbaya tufanyeje?

Ukimeza, kidakatonge hufunika mlango wa koo la hewa. Ukicheka au kuongea huku unameza, kinachelewa. Mtu akiweza kukohoa, mwache akohoe, usimpige. Akishindwa kukohoa wala kuongea, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja kati ya mabega mara tano. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara tano, kisha rudia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimbinye tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano.

Karanga ni adui wa watoto wadogo. Ikipita, mara nyingi inaingia pafu la kulia, kwa kuwa tawi la upande huo ni pana na limesimama wima zaidi. Mtoto aliyepaliwa, akatulia, halafu akaanza kukohoa siku nyingi bila homa, mwambieni muganga habari ya karanga.

Kwikwi ni mtu anakutaja?

Ni kiwambo kimeshtuka na kukaza ghafla, na nyuzi za sauti zikafunga mlango. Anayekutaja hana hatia.

Mtoto anahema haraka. Nitajuaje kama ni hatari?

Mfunue kifua akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa kukatakata. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kuhema hivyo pamoja na kikohozi kunaweza kuwa nimonia, na nimonia ina dawa ikiwahiwa. Usingoje kuhesabu kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta, au midomo imekuwa ya bluu, au hawezi kunyonya. Hapo ni kituo cha afya usiku huohuo. Mafuta ya kuchua na mvuke wa majani vitamchelewesha.

Pumu, kifua kikuu, au karuho (ile sumu ambayo watu hudai mgonjwa amelishwa)?

Pumu huja na kuondoka. Misuli ya matawi ya hewa inabana, kifua kinalia kama filimbi, hasa wakati wa kutoa pumzi. Kifua kikuu hakina haraka: kikohozi kinapita wiki mbili, jasho la usiku, mwili unakonda, pengine makohozi yana damu. Kinaletwa na bakteria aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, na kinaambukiza kwa hewa. Dawa zake hutolewa bure nchini kwetu, na matibabu ya kawaida ni miezi sita. Nimeona familia zikiuza mbuzi watatu kumlipa mtaalamu wa karuho wakati makohozi hayajapimwa hata mara moja. Kapimeni kwanza.

Mtu anaweza kuishi na pafu moja?

Anaweza, na wapo. Mbio za marathoni asitegemee.

Mtoto akiwa tumboni anapumua nini?

Mapafu yake yamejaa majimaji. Oksijeni anaipata kwa damu ya kondo la nyuma, kupitia kitovu. Hata hivyo kiwambo chake kinafanya mazoezi wiki nyingi kabla ya kuzaliwa, akivuta na kutoa majimaji hayo. Akizaliwa, pumzi ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote atakazovuta, kwa kuwa lazima ifungue vifuko vilivyogandana. Kinachomsaidia ni aina ya ute wenye mafuta unaozuia kuta za vifuko zisinate. Ute huo unatosha kuanzia kama wiki ya 34 au ya 35 ya mimba, ndiyo maana aliyezaliwa mapema zaidi huguna kila anapotoa pumzi na kuhitaji msaada wa hospitali. Mkunga anapomkausha mtoto kwa nguvu na kumsugua mgongo, anaitafuta pumzi hiyo ya kwanza. Na hewa inayoingia siku ile haitoki tena yote: kwa mtu mzima, hata ukipuliza mpaka mwisho, lita moja na zaidi hubaki ndani. Ndiyo maana pafu la yule mbuzi wa darasani lilielea.